Ulinzi Wenye Mwisho

Komini ya Annexe imeuzunguka mji wa Lubumbashi karibu pande zote. Komini nyingine sita zimebanana katikati. Annexe ndiyo ukingo, mahali mji unapokutana na pori la miombo. Ukisimama Luwowoshi, Kalebuka, Kisanga au Kasungami utaona nyumba za matofali ya kuchoma zikijengwa kati ya vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko paa. Mji ulianzishwa mwaka 1910. Vichuguu ni kazi ya mchwa ambao wataalamu wanawaita Macrotermes falciger, na mwaka 2015 watafiti waliovipima kwa njia ya kaboni walichapisha kwamba baadhi ya vichuguu vya miombo ya Katanga vina umri unaozidi miaka 2,000. Swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilikwisha kujibiwa kabla hatujafika na fito za kupimia kiwanja.

Kila mwaka, joto la Septemba na Oktoba linapopanda na mvua bado haijashuka, watu wa ukingo huu huanza kuotesha. Kokwa la parachichi linazikwa ndani ya kopo la maziwa. Mbegu za mpapai na za mlimau zinatiwa katika viriba vyeusi. Nyanya, bilinganya na shu (kabichi) zinamwagwa katika bido la mafuta lililokatwa ubavu. Vyombo hivyo vina sababu yake. Maji mengi ya Annexe ni ya kuchota kisimani, na mche ulio koponi unatosheka na kikombe kimoja. Tena ukianza mapema, mvua ya Novemba inaukuta tayari una mizizi ya kuipokea.

Halafu asubuhi moja unatoka nje na kukuta shina tupu. Konokono amepita usiku, njia yake ya ute bado inang'aa kwenye ukingo wa kopo. Au panya amefukua kokwa na kuacha shimo. Au kuzumburu, wale ndege wa mkia mrefu wanaotembea kwa makundi, wamedonoa kichipukizi kilichokuwa tumaini lote la mmea. Hasira ya saa hiyo siidharau. Kwa mama anayepanga miche yake kando ya barabara ya Kasapa, kila kiriba kilicholiwa ni pesa ya unga iliyopotea. Ndiyo maana sokoni sumu ina wanunuzi, na muuzaji wake hahitaji maneno mengi.

Lakini kabla ya kulipa, tujiulize mche unahitaji kulindwa kwa muda gani. Nyanya huhamishwa kutoka kitaluni baada ya wiki nne hadi sita. Mpapai unataka miezi michache. Mparachichi unataka zaidi, pengine msimu mzima, lakini nao hufika siku shina lake likakauka gome na majani yake yakazidi njaa ya konokono. Mtoto mchanga hafungiwi ndani maisha yake yote. Anafichwa upepo mpaka apate nguvu, kisha anatolewa aonane na dunia. Mche nao unaomba ulinzi wenye mwisho. Sumu haina mwisho tunaoweza kuupanga sisi. Tukishaimwaga, yenyewe ndiyo inayoamua itakaa wapi, itaingia tumbo la nani, na itaondoka lini.

Watu wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Tanuru la shaba la kampuni ya Union Minière lilianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wa bomba lake ulifuata upepo, ukashusha shaba, risasi, kadimiamu na zinki juu ya mitaa iliyokuwa njiani. Katika mtaa wa Penga Penga kuna ardhi ambayo hata majani ya kawaida yalikataa kuota, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda huko nyasi fupi iitwayo Microchloa kunthii, ambayo inaistahimili shaba, ili angalau vumbi litulie. Wengine wamepima mboga za bustani za mjini wakakuta madini hayo ndani ya majani tunayoyala. Moshi ulipita kwa siku moja moja. Udongo umeuweka.

Na kumbukumbu ya udongo inakwenda nyuma zaidi ya hapo. Kuna mmea mdogo wa Katanga, Haumaniastrum katangense, unaostawi penye shaba nyingi. Walioufuatilia walikuta kwamba unaota hata mahali ambapo wafua shaba wa kale waliyeyushia mawe yao, muda mrefu kabla ya kampuni yoyote kuja. Tanuru za udongo zimebomoka, majina ya wafuaji yamesahaulika, na ua bado linaonyesha palipokuwa na moto. Mtu anayeishi juu ya ardhi yenye kumbukumbu ya namna hii ana sababu ya kusita mkono wake unapokuwa na chupa ya kumwaga.

Shaba yenyewe imeingia katika habari ya konokono. Wakulima wa bustani katika nchi nyingi hufunga utepe wa shaba kuzunguka chungu, kwa imani kwamba konokono akiugusa hurudi nyuma. Hapa kwetu, ambako msalaba wa shaba ulikuwa mali ya kulipia na mwaka 1960 ukachorwa kwenye bendera ya Katanga, wazo hilo lina utamu wake: madini yaliyoutesa udongo wetu yageuke mlinzi wa mche. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kililifanyia jaribio, na mwaka 2018 kikatoa matokeo. Saladi zilipandwa, nyingine zikazungushiwa utepe wa shaba, nyingine maganda ya mayai, changarawe, magome ya msonobari au vidonge vya sufu, na nyingine zikaachwa bila kitu. Konokono na ndugu zao wasio na gamba walikula zote bila tofauti ya maana. Matokeo hayo yananipa moyo. Yanatuambia kwamba kuacha sumu hakutoshi, maana mbinu ya upole nayo inapaswa kufanya kazi. Anayempenda mnyama na mche pamoja lazima awe mwangalifu kuliko anayependa kimoja.

Uangalifu huo unaanza kwa kujua konokono anaishi vipi. Ni mnyama wa unyevu. Mchana anajificha mahali penye giza na ubichi, na mara nyingi mahali hapo ni chini ya kopo lile lile analolivamia usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: inua makopo asubuhi, tazama chini yake, okota. Laza ubao au gunia bichi kando ya miche, wataingia hapo wenyewe alfajiri, na utawabeba wote kwa mara moja mpaka kwenye magugu ya mbali, ambako kuna majani mabovu ya kuwashibisha. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku ukute uso wa udongo umekauka na safari iwe ngumu kwake. Pandisha miche juu ya meza ya mbao, miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji, na maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu, maana tukimzuia konokono kwa kufuga mbu tutakuwa tumejidanganya. Majivu ya mbabula, jiko letu la makala (makaa), ambayo hayakosekani katika nyumba yoyote inayolitumia, yanasaidia yakiwa makavu. Mvua ikiyalowesha, nguvu yake imekwisha. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayobaki udongoni baada ya mche kukua.

Linganisha na vidonge vya metaldehidi vinavyouzwa kwa ajili ya konokono. Vina ladha inayowavuta wanyama wengine pia, mbwa na ndege wakiwamo, na tangu mwaka 2022 Uingereza imekataza kuvitumia nje. Mama mmoja muuza miche, nilipomuuliza kwa nini haviweki, alinijibu kwa Kiswahili cha hapa: «Papa, ile dawa haijue kuchagula. Ikiuwa konokono, itauwa na kuku yangu.» Sijasikia maelezo bora ya sumu. Katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, ya Annexe kuku anadonoa, mtoto anatambaa, kisima kiko hatua chache, na wote wanatumia ardhi moja. Kitu kisichojua kuchagua hakina mahali pa kukaa salama humo.

Wengine husema suluhisho ni kurudi kwenye dawa za asili, na hapo panahitaji tahadhari. Katanga tunaufahamu mbuba, ule mti mdogo ambao majani yake yaliyopondwa hutiwa mtoni ili samaki walewe waelee. Jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii, na ndani yake kuna rotenoni, sumu inayoua wadudu na samaki pia. Mkulima anayenyunyizia maji ya majani hayo kwenye miche anafanya jambo la busara kuliko anayenunua chupa isiyo na karatasi ya maelezo, kwa kuwa rotenoni huvunjika upesi juani. Lakini akisuuzia ndoo yake kwenye kijito kinachoteremka kwenda Kafubu, samaki wa chini hawataulizwa kama dawa ilikuwa ya asili. Kilichoota porini kinaweza kuua sawasawa na kilichotoka kiwandani. Cha kukiuliza kila kitu ni kile kile: kazi yake inakwisha lini, na ikiisha anabaki nani?

Panya anataka fikra ya namna nyingine, kwa kuwa yeye anafuata pua. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyafichua. Mnyama mwenye kipawa hicho hawezi kudanganywa kwa kufukia kokwa chini kidogo zaidi. Anazuiwa kwa waya: kipande cha wavu wa chuma wenye matundu madogo, kimekunjwa juu ya kopo na kufungwa chini. Mche ukishanyonya akiba yote iliyomo ndani ya kokwa, panya hana tena cha kukifukulia, na waya unaweza kuhamia kopo lingine. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda hufanya kazi kinyume cha hapo. Humuua baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo anazurura amelegea, chakula rahisi kwa paka na kwa bundi. Tunamwogopa bundi kwa sababu ya uchawi tunaomsingizia, na wakati huo huo yeye ndiye mwindaji wa panya asiyedai malipo. Akila panya mwenye sumu, anaondoka na kazi yake yote.

Kwa ndege, wavu. Hapa pia upole una masharti. Wavu mpana uliolegea hunasa mabawa, hunasa nyoka, hunasa kinyonga, na mnyama hufa polepole katika kitu ambacho aliyekiweka alidhani ni rafiki. Jimbo la Victoria huko Australia liliamua kwamba tangu Septemba 2021 wavu wa kufunikia miti ya matunda nyumbani usiwe na tundu linalozidi milimita tano. Kipimo cha mkono ni rahisi: kidole kikipita, wavu haufai. Uvutwe ukakamae juu ya fito, usiguse majani, usiburuze chini. Kwetu wengi hutumia chandarua kikuukuu, na tundu lake ni dogo vya kutosha. Lakini chandarua kilichogawiwa kuzuia malaria kina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni hatari kwa samaki na nyuki. Kisitolewe kitandani kabla ya wakati wake, maana mtoto wa nyumbani ana haki nacho kuliko nyanya. Na kikichakaa kabisa, kisifuliwe mtoni wala kuachwa juu ya mche unaotoa maua.

Mchwa nao wana habari yao. Hapa wanashambulia zaidi miti iliyotoka mbali, kama mkaratusi, kuliko miti iliyokua pamoja nao miaka elfu. Na wanachokitafuta hasa ni kitu kikavu. Tukifagia lupango mpaka ardhi ing'ae, tukachoma kila jani na kila kijiti, tumewaachia mche peke yake mezani. Nchini Uganda, watafiti waliotandaza mabua ya mahindi shambani waliona uharibifu wa mchwa ukipungua, na sisimizi wanaowinda mchwa wakiongezeka. Tandaza majani makavu mbali kidogo na shina, weka makopo juu ya mawe badala ya udongo mtupu, na mchwa watakuwa na kazi nyingine. Udongo wa kichuguu chao, ambao wengi huuchanganya koponi kwa rutuba yake, ni kazi ya midomo yao. Tunaotesha ndani ya jasho lao.

Kuna jambo linalonisumbua kila nikifikiria uhasama wetu na wanyama wa bustani. Mvua ya kwanza ikinyesha, mchwa hao hao wanaruka wakiwa na mabawa, tunawaita inswa, na watoto wanawakusanya kwa furaha kando ya taa. Kiwavi anayekula majani ya miti ya miombo tunamwita kinkubala, tunamnunua kwa bei kubwa, tunamla na bukari, ugali wetu. Kiwavi anayekula jani la kopo letu tunamwita adui. Tofauti iko kwetu: nani amekula kilicho cha nani. Na miti ambayo vinkubala walikuwa wakiila, tumeikata kwa makala, moshi wake umepanda kutoka mbabula zetu, kisha tunashangaa kwamba viumbe wa porini wamehamia barazani. Annexe ilipopanuka, haikuwaacha na pengine pa kwenda. Baadhi ya wanaotuvamia ni wakimbizi wa nyumba tuliyoibomoa sisi.

Najua jibu ambalo mtu mwenye njaa anaweza kunipa, nalo ni la haki. Atasema huruma kwa konokono ni anasa ya aliyeshiba. Ningekubali kama upole ungekuwa ghali. Lakini ubao, gunia, kipande cha waya na maji ya asubuhi vinagharimu kidogo kuliko chupa, na havimlazimishi mtu kununua tena kila msimu. Aliye ghali ni adui anayerudi kwa sababu wawindaji wake wamekufa. Chura anayekula konokono wadogo, kinyonga anayekula panzi, mjusi wa ukutani na bundi wa usiku ni walinzi ambao mkulima maskini hawezi kuwaajiri upya akishawaua. Ipo pia mipaka, na sitaificha: panya aliyeingia ndani ya nyumba, kwenye unga na kitanda cha mtoto, ni swali lingine, na mzazi ana wajibu wa kumwondoa kwa mtego. Ninayemsemea hapa ni mnyama wa nje, anayekula kwa sababu jani laini limewekwa mbele yake.

Ulinzi wenye mwisho una deni moja linalosahaulika, nalo ni kuumaliza. Siku ya kupanda, kiriba kivuliwe chote, maana plastiki iliyoachwa huizungusha mizizi mpaka mti ujinyonge wenyewe. Waya ukatwe kabla haujaingia ndani ya gome. Wavu ukunjwe na kuwekwa ndani, usiachwe majanini ukawinda ndege ambao hakuna anayewachukia tena. Baada ya hapo mti utaliwa kidogo, na unapaswa kuliwa kidogo. Mpapai uliokomaa utatoa matunda yanayotosha nyumba, na yale ya juu kabisa, ambayo fito haiyafikii, kuzumburu watayapata. Tuliwanyima kwa wiki chache ili waweze kupewa kwa miaka.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni kutafuta sumu msimu huu, hesabu ni wiki ngapi mche wako bado hauwezi kujitetea. Ziandike ukutani kwa makala kama ni lazima. Utaona kwamba ni chache, na kwamba mikono miwili, waya na ubao vinazitosha. Udongo tutakaowaachia watoto wa Annexe tayari unakumbuka mengi ambayo wao hawakuyafanya, na tuna uwezo wa kutoongeza jina letu kwenye hesabu hiyo.